Bomba la Gesi na Shamba la Nabothi

TAHARIRI



Mambo haya kwa kawaida huanza na kopo la rangi. Wapimaji hufika kijijini asubuhi wakiongozana na mwenyekiti na afisa mtendaji, wakapita shamba hadi shamba wakiwa na ramani na kamba zao. Mkorosho huu unapigwa alama, ule unaachwa. Nyumba ya mama mjane inapigwa alama, ya jirani yake hatua ishirini pembeni inaachwa. Mjukuu anamwuliza bibi yake maana ya alama ile, naye bibi hajui la kumjibu. Jioni mwenyekiti anatangaza kwamba huo ni mradi wa taifa, kwamba fomu zitaletwa, na kwamba kila mmoja atalipwa haki yake. Watu wanarudi majumbani mwao. Usiku ule hakuna anayelala vizuri, lakini hakuna pia anayejua ni swali gani aulize wala amwulize nani.

Tumeona vema kuandika juu ya jambo hili kwa sababu mabomba ya gesi bado yanaongezwa katika mikoa yetu ya kusini. Kisima cha kwanza cha Ntorya, mkoani Mtwara, kilionyesha gesi mwaka 2012, na mwaka 2024 Serikali ilitoa leseni ya kuiendeleza. Gesi hiyo haiwezi kufika popote bila bomba jipya la kilomita zipatazo 35 hadi kwenye mitambo ya Madimba, ambako bomba kubwa la kwenda Dar es Salaam linaanzia. Kilomita 35 ni safari fupi kwa mwenye gari. Kwa wenye mashamba ni mfululizo wa mikorosho, minazi, mihogo, makaburi ya wazee, visima na vijia vya kwenda shuleni. Yatupasa kuuliza mapema, kabla alama hazijapigwa: safari hii tutafanya kama tulivyofanya mara iliyopita, au tumejifunza?

Tulikotoka

Gesi ya kusini si habari ya jana. Iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, na katika Ghuba ya Mnazi, Mtwara, mwaka 1982. Ilikaa ardhini miaka mingi kwa kukosa mtaji na soko. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam kwa bomba la kwanza, ikaanza kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Baada ya mwaka 2010 ikagunduliwa gesi nyingine nyingi katika bahari kuu, hata hesabu ya taifa ikafikia futi za ujazo trilioni 57 hivi. Ghafla watu waliokuwa wakisikia habari za kusini wakati wa msimu wa korosho tu, wakaanza kuitaja Mtwara kana kwamba ni Kuwait.

Mwezi Novemba 2012 Rais Jakaya Kikwete alizindua ujenzi wa bomba la pili, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Liligharimu zaidi ya dola za Marekani bilioni moja, fedha ambazo kwa sehemu kubwa ni mkopo wa Benki ya Exim ya China, na likakamilika mwaka 2015. Kwa kazi ya uhandisi, ni mradi uliofanyika haraka na kwa ufanisi. Kwa upande wa wananchi, ulianza vibaya.

Desemba 2012 maelfu ya watu waliandamana mjini Mtwara. Neno lao lilikuwa fupi: gesi haitoki. Januari 2013 vurugu zilizuka Mtwara na Masasi, watu wakafa, majengo yakachomwa moto. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda Mtwara, akakaa na wananchi, akaeleza kwamba gesi ingesafishwa kwanza Madimba ndipo isafirishwe. Hali ikatulia kwa muda. Tarehe 22 Mei 2013, siku hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, moto ukawaka tena. Jeshi likapelekwa. Tena watu wakafa, wengine wakajeruhiwa, wengine wakawekwa ndani, na wengine walikimbilia porini na watoto wao.

Yalisemwa mengi juu ya ghasia zile. Wapo waliosema ni ujinga, wapo waliosema ni wanasiasa, wapo waliosema ni ubinafsi wa watu wasiotaka kugawana na wenzao. Hatukatai kwamba wanasiasa walikuwapo. Siku zote wapo penye moshi. Wala hatuhalalishi uchomaji wa nyumba na uporaji wa mali za watu, kwa maana aliyechomewa nyumba naye ana haki zake. Lakini anayedhani kwamba watu wale walisukumwa na maneno ya mwanasiasa peke yake, hajui historia ya kusini.

Wazee wetu waliuona mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 chini ya Waingereza. Misitu ya Nachingwea ilifyekwa kwa matrekta, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandazwa kutoka pwani kwenda bara. Baada ya miaka michache mradi ukaanguka, na hatimaye hata reli ikang'olewa. Mzee aliyeona reli ikija na kuondoka hawezi kuliamini bomba kwa kuambiwa tu. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, safari ya kwenda Dar es Salaam wakati wa masika ilikuwa ya siku kadhaa, na abiria walilala kando ya Rufiji wakisubiri pantoni, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Watu hao ndio walioambiwa kwamba gesi italeta viwanda na kituo kikubwa cha umeme palepale Mtwara. Kisha wakasikia kwamba gesi itapita. Ahadi ni deni, na aliyedai deni kwa miaka 60 huchoka kudai kwa upole.

Kosa letu

Hatuandiki haya ili kuwanyooshea wengine kidole. Nasi viongozi wa dini tulikuwapo. Moto ulipowaka tuliombwa tuhubiri amani, tukahubiri. Tulisimama altareni na katika mikutano ya hadhara tukawasihi vijana warudi nyumbani, na tulifanya vema, maana damu ikimwagika haizoleki. Lakini swali linalotusumbua ni hili: wapimaji walipokuwa wakipita vijijini, sisi tulikuwa wapi? Fomu za tathmini zilipowekwa mezani, ni katekista gani aliyekuwa amefundishwa kuzisoma? Ni parokia ngapi zilizokuwa na nakala ya Sheria ya Ardhi?

Tulifika mwishoni, wakati watu walikuwa wamekwisha kukasirika, tukawaomba wasikasirike. Mtu aliyekosa msaada wakati wa kudai haki yake kwa utulivu, halafu akasikia mahubiri ya utulivu baada ya kuikosa, anayo sababu ya kututazama kwa jicho la mashaka. Tume yetu inaitwa ya Haki na Amani, na neno haki limetangulia. Hatuwezi kulirukia la pili.

Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, BAKWATA na Jumuiya ya Kikristo Tanzania zilitoa taarifa ya pamoja juu ya dhahabu, zikiuliza kwa nini nchi yenye madini inapata kidogo hivyo. Mwaka 2012 taasisi hizo zikatoa nyingine juu ya fedha zinazoikimbia nchi kwa njia ya kodi zisizolipwa. Hizo zilikuwa kazi njema, nasi twazijivunia. Hata hivyo taarifa ya kitaifa haimfikii bibi aliyepigiwa alama kwenye mkorosho wake, isipokuwa mtu wa jumuiya yake amfikishie.

Mfalme aliyetaka kulipa

Wengi wetu tunaikumbuka habari ya Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Kwa kawaida tunaisimulia kama habari ya mfalme mwizi. Tuisome tena polepole. Mfalme Ahabu hakuanza kwa wizi. Alimwendea Nabothi akamwomba shamba lake la mizabibu, akaahidi kumpa lililo bora zaidi, au fedha kwa kadiri ya thamani yake. Kwa lugha ya leo, aliahidi fidia ya soko, tena na kiwanja mbadala. Nabothi alikataa, si kwa sababu bei ilikuwa ndogo, bali kwa sababu lile shamba lilikuwa urithi wa baba zake, na mbele ya Mungu hakuona kwamba alikuwa na ruhusa ya kuliachia.

Yaliyofuata ndiyo yanayopaswa kutushitua sisi tunaoishi zama za mihuri na mihtasari. Yezebeli hakutuma majambazi usiku. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akazipeleka kwa wazee wa mji. Wazee wakaitisha mkutano. Mashahidi wawili wakaketishwa, wakasema waliyoagizwa kusema. Utaratibu wote ulifuatwa: barua ilikuwapo, mkutano ulikuwapo, mashahidi walikuwapo. Kilichokosekana ni ukweli, na kwa kukosekana huo mtu asiye na hatia akapigwa mawe.

Hatusemi kwamba Serikali yetu ni Ahabu. Itakuwa dhuluma kusema hivyo, na tofauti ni kubwa: Ahabu alitaka bustani ya mboga kwa ajili yake mwenyewe, ilhali gesi inawasha taa za hospitali. Tunachosema ni kwamba muhtasari wa kikao wenye muhuri si ushahidi kwamba watu wamekubali. Mkutano ulioitishwa leo kwa ajili ya kesho, wakati wa palizi, akahudhuria mtu mmoja kati ya kumi, ukasomewa maneno ya kitaalamu kwa dakika ishirini na kufungwa kwa makofi, si mkutano wa kukubali jambo. Ni mkutano wa kulisikia. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba kila mwenye lake yupo.

Gesi ni ya nani?

Kuna hoja moja nzito ambayo hatuna budi kuijibu kwa haki. Inasema: gesi ni mali ya Watanzania wote. Kama Mtwara itaizuia gesi yake, basi Geita izuie dhahabu yake, Kilimanjaro izuie maji yake, na Bukoba izuie kahawa yake, na mwisho hakutakuwa na taifa. Hoja hii ni ya kweli. Mafundisho ya Kanisa yanatwambia kwamba Mungu aliumba mali za dunia kwa ajili ya watu wote, na mafao ya wote ni makubwa kuliko faida ya kundi moja. Mgonjwa wa figo aliye Muhimbili anahitaji umeme, naye ni jirani yetu kama alivyo jirani wa mlango wa pili. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa gridi ya taifa ilitokana na gesi, mpaka mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ilipoanza kuzalisha mwaka 2024. Bila gesi hiyo miaka ya ukame ingekuwa ya giza kubwa zaidi. Basi kwa mtazamo wa imani, neno "gesi haitoki" haliwezi kuwa neno la mwisho.

Lakini Kanisa hilohilo linafundisha kanuni ya auni, aliyoieleza Papa Pius XI mwaka 1931: jambo ambalo jumuiya ndogo inaweza kulifanya, jumuiya kubwa isiinyang'anye, bali iisaidie. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba wakazi wa mahali penye mradi wana nafasi ya pekee katika mazungumzo juu ya mradi huo, maana ndio watakaoishi na matokeo yake. Mafao ya wote hayajengwi kwa kuwasahau baadhi ya hao wote. Mali ikiwa ya taifa zima, hasara isiachwe kuwa ya kijiji kimoja.

Na hapa pana tofauti ambayo watu wengi hawaioni. Halmashauri ya wilaya yenye visima hupata ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mapato ghafi ya kampuni. Si fedha nyingi, lakini huja mwaka hadi mwaka. Kijiji ambacho bomba linapita tu, hakina kisima wala mtambo. Kinapata fidia ya mara moja kwa waliokatiwa miti, basi. Baada ya hapo bomba linakaa chini ya ardhi yake miaka na miaka, wala kijiji hakiruhusiwi kujenga wala kupanda miti yenye mizizi mirefu juu ya mkuza. Mradi wa kwanza wa Songo Songo ulikuwa na mpango wa kupeleka umeme katika vijiji vya kandokando ya mkuza. Mpango wa namna hiyo unaonyesha kwamba jambo hili linafikirika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Je, si haki kwamba mama anayechanja kuni kando ya mkuza awe miongoni mwa wa kwanza, badala ya wa mwisho?

Thamani ya mkorosho

Tuseme neno juu ya fidia, kwa kuwa hapo ndipo maumivu mengi huanzia. Sheria zetu si mbaya. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya wakati. Fidia hiyo si bei ya mti peke yake. Ndani yake mna thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, hasara ya faida kwa mwenye biashara, na kwa mwenye nyumba posho ya makazi, inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita baada ya tathmini kuidhinishwa, yanapaswa kuongezewa riba. Na kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, tathmini iliyokaa miaka miwili bila kulipwa inapaswa kurudiwa.

Ni wangapi kati yetu tuliyajua hayo? Kule Likong'o, Lindi, eneo la hekta zaidi ya 2,000 lilitengwa kwa ajili ya mitambo ya kuchakata gesi ya bahari kuu, na Shirika la Maendeleo ya Petroli likapata hati yake mwaka 2016. Malipo ya wananchi yalikuja mwaka 2020. Miaka ile ya kungoja si muda mtupu. Mtu aliyeambiwa kwamba ataondoka hapandi minazi, haezeki upya nyumba, wala hamjengei kijana wake anayetaka kuoa. Maisha yake yamesimama, na hakuna fomu yenye mstari wa kuandika hasara hiyo.

Tuufikirie na mkorosho. Mti uliopandikizwa leo utaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na utafika kwenye nguvu zake baada ya miaka minane au zaidi, kisha utazaa kwa miongo kadhaa. Umelipa ada za watoto wawili, nao ungelipa za wajukuu. Anayelipwa bei ya mti kwa mkupuo mmoja, bila kufundishwa namna ya kuitunza, amebadilishana chemchemi na ndoo ya maji. Ndoo huisha. Tumeona fedha ya fidia ikinunua pikipiki, pikipiki ikaharibika, na mwaka wa pili familia haina mkorosho, haina pikipiki, na haina shamba.

Zaidi ya hayo, miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao urithi kwa desturi hufuata ukoo wa mama. Shamba linaweza kuwa la ukoo wa mke, ingawa mume ndiye anayelilima. Lakini mgeni anayekuja na fomu huuliza: mwenye kaya ni nani? Jina linaloandikwa ni la mume, na akaunti ya benki ni ya mume. Tangu hapo amani ya nyumba imevunjika hata kabla shimo la bomba halijachimbwa. Wazee wa jumuiya wanajua ndoa zilizovunjika kwa sababu ya fidia kuliko zilizovunjika kwa sababu ya njaa.

Tutazame ng'ambo ya Ruvuma

Yupo atakayesema kwamba tunakuza mambo. Tumwombe atazame ng'ambo ya Mto Ruvuma, kwa ndugu zetu wa Cabo Delgado, Msumbiji. Kule nako iligunduliwa gesi nyingi, kule nako vijiji vilihamishwa kupisha mitambo katika rasi ya Afungi. Oktoba 2017 vita vilizuka Mocímboa da Praia. Hatusemi kwamba gesi ndiyo iliyoanzisha vita vile. Vina mizizi mingi, umaskini na itikadi kali zikiwamo. Lakini vijana wasioona nafasi yao katika utajiri unaochimbwa mbele ya macho yao ni windo rahisi kwa yeyote mwenye bunduki na ahadi. Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na mwezi uliofuata kampuni kubwa iliyokuwa ikijenga mradi ikatangaza kusimamisha kazi. Mabilioni ya dola yakasimama. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia makwao, na hata upande wetu, katika kijiji cha Kitaya, damu ilimwagika Oktoba 2020.

Somo hapa ni la wote, pamoja na wawekezaji. Uzio na askari haviulindi mradi kama unavyolindwa na jirani anayeuona kuwa ni wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mgeni ambaye mwenyeji hakupona kwa kuja kwake, hana wa kumwamsha usiku nyumba ikishika moto.

Tufanye nini?

Ndugu waamini, na hasa ninyi halmashauri walei, makatekista na wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo, mambo matano yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tujue mapema. Mradi hauanzi siku ya kopo la rangi. Kabla yake hufanyika tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Viongozi wa parokia waulize wilayani ramani ya mkuza inapita wapi, na taarifa hiyo isomwe katika jumuiya, misikitini na katika mikutano ya kijiji. Jambo hili si la Wakatoliki. Katika mikoa yetu wengi wa jirani zetu ni Waislamu, na bomba halichagui shamba la mbatizwa. Tuwaendee masheikh na wachungaji, tufanye kazi pamoja.

Pili, asisaini mtu asichokielewa. Fomu isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili chepesi, na ikibidi kwa lugha ya nyumbani. Miti ihesabiwe mbele ya mwenyewe, idadi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na kila mtu abaki na nakala. Kijana wa jumuiya mwenye simu ya kamera apige picha ya shamba, ya nyumba na ya fomu. Asiyekubaliana na hesabu aandike malalamiko yake siku ileile, kwa heshima, na apokelewe kwa saini.

Tatu, mume na mke wawepo wote wawili, na pale shamba lilipo la ukoo, wazee wa ukoo waitwe. Fedha iingie katika akaunti yenye majina yote mawili. Parokia iandae semina ya siku moja juu ya matumizi ya fedha ya fidia kabla haijalipwa, si baada ya kulipwa.

Nne, vijiji vya njia ya bomba viombe kwa pamoja. Kijiji kimoja kikiomba zahanati, kingine kisima, kingine umeme, vyote vitapewa mpira na jezi. Vikikaa pamoja vikaandika hitaji moja lenye sababu, na kulipeleka kwa diwani na mbunge, vitasikika. Na ushuru unaoingia halmashauri uulizwe katika mkutano wa hadhara: umepokelewa kiasi gani, umefanya nini? Mwenye kuuliza hivyo si mchochezi. Anatimiza wajibu wa raia.

Tano, tujue usalama wetu. Gesi asilia yenyewe haina harufu, hivyo kuvuja kwake katika bomba kubwa huenda pua isikutambue. Sauti ya mluzi kutoka ardhini, vumbi linalorushwa pasipo upepo, au majani yanayokauka mahali pamoja penye mkuza ni dalili za hatari. Anayeziona asiwashe moto wala chombo chochote cha injini, aondoke, na atoe taarifa. Wakati wa kuandaa mashamba tusichome moto karibu na mkuza, wala tusichimbe humo. Watoto wafundishwe kwamba alama za bomba si za kung'oa.

Kwa ndugu zetu wa Serikali na wa mashirika tunasema kwa heshima: msitungoje tuhamaki ndipo mje kutueleza. Waziri Mkuu alipokuja Mtwara Januari 2013 akaeleza habari ya mitambo ya Madimba, watu walimsikiliza. Maana yake walikuwa tayari kusikiliza. Kama maelezo yale yangekuja mwaka mmoja kabla, na kufika kila kijiji, huenda wapo watu ambao wangekuwa hai leo.

Tunamrudia bibi wa mwanzo, aliyeulizwa na mjukuu wake akakosa jibu. Bomba likipita tena, na tumtakie heri taifa letu kwa gesi hiyo, tunaomba jambo moja: kwamba safari hii bibi awe na jibu. Amwambie mjukuu: alama ile ni ya bomba la gesi, litapita hapa kwa sababu hizi, tuliitwa, tukauliza, tukajibiwa, mikorosho yetu sita imehesabiwa nami nikiwapo, nakala yangu iko sandukuni, na nguzo ya umeme itafika kabla hujamaliza darasa la saba. Kama bibi ataweza kusema hayo na yakawa kweli, hatutakuwa na haja ya kuitwa tena kuhubiri amani usiku wa moto.

Kristo, Mfalme wa Amani, atujalie kuwahi.